Mtu wa Ishirini na Tatu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Najua wanavyonisema kwenye benchi la nje kwa Fundi, jirani yangu mshona nguo: mzee huyu akisimulia mvua, toa nusu ya maji; akisimulia samaki, uliza kwanza kama palikuwa na mto. Ndiyo maana safari hii nimeapa mbele ya Bibi, mama mzazi wa Fundi, mwanamke ambaye hata mizani ya dukani humwogopa. Nimemwambia likipatikana humu neno moja la uongo, nitalipa chochote atakachokitaja, wala sitaomba kupunguziwa. Bibi akasema, “Nimesikia,” akaendelea kufuma kitambaa chake.

Mtu atauliza nimeyajuaje ya ndani ya nyumba ya watu. Chumba changu na sebule yao vinagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba hata mtu akipiga chafya upande wa kwao, mimi huku nafuta pua. Jioni nikishavua meno yangu na kuyatia kwenye glasi ya maji, kinywa kinapumzika na masikio yanafanya kazi ya watu wawili. Ya kazini kwa mke wa Fundi nayajua kwa njia nyepesi zaidi: nilikuwa bawabu wa wodi yake miaka kumi na tisa, mpaka nilipostaafu mwezi uliopita.

Basi. Mke wa Fundi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili. Mtaa mzima unamwita Sista, hata mumewe, isipokuwa wakigombana, ndipo anapomwita Mama. Wana binti mmoja wa darasa la nne, cherehani mbili, moja nzima, na huyo Bibi.

* * *

Jumatatu aliyorudi kazini baada ya wiki sita za likizo ya ugonjwa, Sista aliipiga pasi sare yake mara mbili. Mgonjwa wake mmoja, aliyemtunza kwa miaka, alikuwa amefariki, na tangu hapo usingizi ukamhama, chakula kikamkinaisha, akawa anaweza kukaa kitandani na kiatu kimoja mkononi mpaka saa ya kazi ipite. Akafanya kile anachowaambia watu kila siku wafanye. Akaenda kwa daktari, akaeleza, akaandikwa kwenye faili, akameza alichoambiwa ameze, akapata nafuu ya kutosha kurudi. Hakumficha mtu. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kama mtakavyoona.

Matroni, mkuu wa wodi, alimpokea langoni kwa mikono miwili. Akamwambia karibu mwenzetu, tumekukosa, umependeza, umepungua kidogo lakini umependeza. Kisha akanyoosha kiganja.

“Funguo zako, naomba.”

Hapa lazima nieleze, maana asiyewahi kuingia mle hawezi kuelewa. Katika wodi ile sare si kitu. Tuliwahi kuwa na mgonjwa aliyevaa suti kila siku mpaka wageni wakawa wanampa mkono wakidhani ndiye daktari. Kinachomtenga mfanyakazi na mgonjwa ni funguo. Kila muuguzi ana saba kwenye pete, zinaning'inia kiunoni: lango, korido, chumba cha wauguzi, chumba cha dawa, stoo, jiko, choo cha wafanyakazi. Mwenye funguo ni mtu wa kazi, asiye nazo amelazwa, basi, hakuna maelezo zaidi. Wagonjwa humtambua muuguzi kwa mlio kabla hajatokeza kwenye kona. Za Sista zililia polepole, maana alikuwa na tabia ya kuzishika kwa kiganja ili zisimwamshe aliyelala.

“Ni kwa usalama wako,” akasema Matroni. “Kwa muda tu. Na sare nayo ipumzishe, vaa nguo zako za nyumbani, ujisikie huru.”

Sista akauliza muda huo ni kiasi gani. Matroni akasema muda ni muda.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kugonga. Akitaka kuingia, anagonga. Akitaka kutoka korido kwenda stoo, anagonga, anangoja, mlango unafunguliwa na mtu anayetafuna kitu. Chumba cha wauguzi kilifungwa kila kilipobaki kitupu, na kiti chake kikawa cha muuguzi mpya, kwa hiyo akawa anaandika ripoti za wenzake kwenye benchi la ukumbini, kati ya wagonjwa, karatasi zikiwa mapajani. Kwa choo alilazimika kuomba. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye stashahada ukutani, anamwambia binti aliyemfundisha yeye mwenyewe kuchoma sindano: naomba nifungulie choo. Yule binti anafungua na kusimama nje akingoja, maana ndiyo kanuni kwa wasio na funguo.

Halafu kuna vikombe. Wafanyakazi walinywea vya udongo, wagonjwa vya plastiki, visije vikavunjwa vikageuka kitu kingine. Wiki ya pili Sista alipewa chai kwenye plastiki. Mpishi hakuwa na nia mbaya, aliangalia tu kiunoni.

Alikuwepo mgonjwa mmoja tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu kabla mambo hayajamchanganya. Mtu mstaarabu, kola imefungwa mpaka juu. Akasogea kwenye benchi, akamtazama Sista na kikombe chake, akauliza kwa heshima zote, “Sista, na wewe umeingia lini?”

“Sijaingia, Mwalimu. Nimerudi.”

“Hivyo ndivyo tunavyosema wote,” akasema Mwalimu.

Sista alicheka. Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe, Fundi akacheka pia, na baadaye nikasikia kupitia ukutani kwamba mmoja wao hakuwa anacheka tena.

* * *

Fundi ni mtu mwema ambaye Mungu alimnyima kitu kimoja tu, kujua cha kusema. Mdomo wake muda mwingi umejaa pini. Mwezi ule alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote: kushona sare mpya za wodi, na malipo ya awali yalikuwa yameshachukuliwa na kugeuka ada ya shule na sindano za cherehani. Orodha ya vipimo ililetwa na tarishi. Fundi akaibandika ukutani juu ya meza ya kukatia, akaisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu.

Sista alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya wali wa binti mkononi.

“Jina langu liko wapi?”

“Labda kuna karatasi nyingine inakuja,” akasema Fundi, kwa sababu wakati huo hakuwa na pini mdomoni za kumwokoa.

Akashona sare ishirini na nane. Mke wake akamsaidia kupiga pasi na kukunja. Kwa muda wa siku tisa nguo za wenzake zilining'inia sebuleni kama watu waliokuja kukaa, na yeye akawa anapita kati yao kwenda jikoni.

Usidhani hakufikiria kuhama. Alichukua fomu ya uhamisho. Fomu ilikuwa na mahali pa sahihi ya mkuu wa wodi, na juu ya sahihi kulikuwa na mstari wa kujaza: hali ya afya ya mtumishi. Akaikunja, akaitia chini ya godoro. Kuacha kazi nako, nani angemchukua muuguzi aliyenyang'anywa funguo? Na mshahara wake ndio uliokuwa ukiilisha ile cherehani mbovu.

Mama mkwe wake, Bibi, alimpenda. Lakini upendo wa Bibi una macho. Alianza kuhesabu vidonge vya Sista kwenye kopo. Fundi naye alianza kuondoka na mkasi wake mkubwa kila anapotoka, ule ambao miaka yote ulilala mezani, akidai unataka kunolewa. Siku moja uzi ulining'inia kwenye sketi ya binti asubuhi ya kwenda shule. Sista akatafuta mkasi, akatazama droo, akatazama juu ya kabati.

“Ule mdogo nao Bibi ameuficha,” binti akasema. “Mama, wewe shika sketi, mimi nitakata kwa meno.”

Akaukata kwa meno, akachukua begi, akaenda. Sista akabaki ameshika hewa pale sketi ilipokuwa.

* * *

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Mimi sikuwepo. Jino liliniamsha tangu alfajiri, jino la nyuma, likipiga kama saa ya ukutani, nikaomba ruhusa, wakaleta bawabu wa kushikiza, kijana mrefu asiyemjua mtu. Niliyasikia yote baadaye.

Saa nane mchana ni saa ya kukabidhiana zamu. Bawabu anasimama mlangoni, anahesabu wagonjwa kwa kidole, anamtajia mkuu jumla, mkuu anaandika na kutia sahihi, anayeondoka anaondoka. Wagonjwa walikuwa ishirini na watatu. Dakika kumi kabla, mkokoteni wa mashuka machafu ulikuwa umetoka kwenda dobi, ukiwa mzito kidogo kuliko siku zote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kijana akahesabu. Vichwa vilivyokuwepo ukumbini vilikuwa ishirini na vitatu, sawasawa. Matroni akatia sahihi. Robo saa baadaye Sista akagonga, akafunguliwa, na kabla hajapita simu ikalia ndani. Kijana akamwambia auvute mlango mwenyewe. Akauvuta, akaenda nyumbani.

Alimkuta Fundi anapindia mkono wa sare ya ishirini na tano. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

“Leo nimehesabiwa,” akasema.

Fundi, pini mdomoni: “Ni sensa?”

“Hapana. Nimehesabiwa tu.”

Bibi aliinua macho kutoka kwenye kitambaa chake.

Saa kumi na moja wodini wakagawa chakula. Sahani moja ikabaki. Mpishi akafikiri amekosea, kitu ambacho kwa mpishi yule hakikuwahi kutokea, akazunguka na ile sahani kitanda kwa kitanda mpaka akafika kitanda cha Mwalimu. Kilikuwa kimetandikwa vizuri, na shuka lake halikuwepo.

Sasa angalia jinsi mtego ulivyojifunga wenyewe. Daftari linasema saa nane walikuwa wote ishirini na watatu. Saa kumi na moja ni ishirini na wawili. Kati ya saa hizo, zamu ikishatoka, mlango ulifunguliwa mara moja tu, na aliyeuvuta alikuwa Sista. Kwa hiyo ama aliuacha wazi, ama alimtoa. Na kwa nini mtu amtoe mgonjwa? Wakatazamana mle ofisini, wakainamisha vichwa kwa huruma. Sote tunajua hali yake.

Mwalimu alipatikana siku ya tatu. Hili nalo mtasema nimetunga, lakini ulizeni mnapotaka: alikutwa katika shule ya msingi, kola imefungwa mpaka juu, akifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Alikuwa ameshafundisha vipindi vitano. Mwalimu mkuu alikuwa akidhani ameletewa na ofisi, na alipoambiwa ukweli aliomba amalizie na sehemu ya desimali.

Aliporudishwa na kuulizwa alitokaje, akasema alitoka na nguo chafu. Wakaandika: mgonjwa haeleweki.

* * *

Barua ya kutakiwa kujieleza ilimfikia Sista siku hiyo hiyo. Akaandika kurasa mbili. Akasema kwamba saa nane alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, na kwamba bawabu wa zamu alimhesabu yeye miongoni mwa wagonjwa, ndiyo maana jumla ikatimia, na kwamba Mwalimu kwa wakati huo alikuwa ameshatoka. Basi. Hakumtukana mtu.

Matroni alimwita. Mlango wa ofisi ile una kidirisha, na bawabu husimama karibu nacho, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu, siku hiyo nikiwa nimesharudi kazini.

“Umeandika nini hapa?” Matroni akauliza, si kwa hasira. “Unasema ulihesabiwa kama mgonjwa.”

“Ndiyo.”

“Na hukukataa.”

“Nilikuwa nimechoka kujieleza mimi ni nani.”

“Mwenzangu, hebu jisikilize. Unataka niipeleke barua kama hii mbele ya kamati? Mtu anakaa na wagonjwa, anahesabiwa na wagonjwa, ananyamaza. Wewe ungeandika nini kwenye faili la mtu huyo?”

Sista akaitazama barua yake mezani. Ameifanya kazi hii miaka kumi na moja, anajua faili zinavyoandikwa. Akipandisha sauti, wataandika amehamaki bila sababu. Akilia, wataandika analia. Akinyamaza, kuna neno lake pia. Akaiweka mikono mapajani, kiganja juu ya kiganja, mahali zilipokuwa funguo.

Matroni akavuta droo. Alikuwa na kopo la vitamini mle, kila mtu analijua lile kopo. Akatoa kidonge ambacho hakikuwa vitamini, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kukichukua kwenye duka la dawa la mbali, lile la ng'ambo ya soko, nisionekane. Akakimeza bila maji.

“Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuugua humu ndani?” akasema kwa sauti ya chini. “Wewe ni wa kwanza kuandikisha.”

Wakatazamana, wanawake wawili wenye ugonjwa mmoja, mmoja ana funguo na mwingine hana. Kisha Matroni akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini: kusimamishwa kazi, nusu mshahara, kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi ujao.

Sista akasimama, akaenda mlangoni, akagonga. Kutoka ndani. Ili afunguliwe.

* * *

Nyumbani mambo yakabana. Fundi alianza kuuvaa ufunguo wa mlango wa mbele shingoni, kwenye kamba moja na tepu yake ya kupimia, na alipoulizwa akasema anaogopa kuupoteza. Asubuhi akitoka kwenda kununua vifungo, anafunga. Bibi akiwa ndani sawa, Bibi akifungiwa hana neno. Wateja wakija wanaambiwa kupitia dirishani wangoje.

Sare zilipokamilika, Fundi alizifunga mafurushi mawili. Sista akasema atamsaidia kubeba mpaka hospitali. Fundi akapima kamba, akapima tena.

“Itaonekanaje?” akasema.

“Nini kitaonekanaje?”

“Wewe... kufika pale. Na bado hawajanimalizia pesa yangu, Mama.”

Alimwita Mama, lakini hawakuwa wanagombana. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Sista akamtwika furushi la kwanza, akamfungulia... hapana, hakumfungulia. Akangoja Fundi afungue mwenyewe. Fundi alipotoka, komeo likalia nje, Sista akamgeukia mama mkwe wake.

“Mama, mimi ni mgonjwa au mfungwa? Niambie tu nijue saa zangu za kuota jua.”

Bibi akaweka kitambaa chini. Akasema hajui. Akasema ameishi miaka sabini na minne na hilo hajui. Kisha akamwambia sogea hapa, na Sista akasogea, wakakaa dirishani wote wawili wakitazama kuku wa watu.

* * *

Mpaka hapo ndipo nilipokuwa nimeandika, na Jumanne, siku mbili kabla ya kamati, nikachukua daftari langu nikaenda kulisoma benchini. Sikuwa na nia ya kuchezea shida ya watu. Nilitaka Fundi na Bibi wajue kuna mtu ameona. Nilisoma vizuri, nikabadilisha sauti pale pa Mwalimu, Fundi akacheka, akafuta macho. Katikati nikagundua Sista amesimama kizingitini, bega kwenye fremu ya mlango, kichwa chini. Ningeweza kufunga daftari. Sikufunga. Nilifika mwisho nikangoja sifa zangu.

Bibi alikuwa anavuta uzi.

“Hilo la mwalimu kufundisha vipindi vitano,” akasema, “ni kweli?”

“Kweli tupu.”

“Naamini. Na la vidonge vya Matroni?”

“Kweli.”

“Naamini hilo pia. Sasa niambie hili dogo. Siku ya kuhesabu uliumwa jino.”

“La nyuma.”

“Jino lipi, mzee? Wewe meno yako yote unayavua kila jioni unayatia kwenye glasi. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza. Lililouma lilikuwa mdomoni au glasini?”

Fundi aliacha kucheka. Mimi nilijaribu. Nikasema ufizi. Nikasema kuna maumivu ya kumbukumbu, madaktari wanayajua. Bibi akaendelea kuvuta uzi mpaka maneno yangu yakaisha yenyewe.

“Hapakuwa na kijana mrefu,” akasema Bibi.

Hapakuwa. Basi na mimi niandike kama inavyotakiwa. Aliyehesabu ni mimi. Nilifika ishirini na mbili vidole vikaisha. Matroni alikuwa na kalamu mkononi na mkoba begani, akaniambia haraka mzee. Nikasema moyoni mmoja yuko chooni, kila siku mmoja yuko chooni. Nikarudisha kidole kuanza upya, kikaangukia benchini, kwa mwanamke aliyeshika kikombe cha plastiki. Nilimjua. Nimemjua miaka kumi na moja, binti yake nilimbeba akiwa na wiki moja. Nilijua yule ni Sista na nilijua hana funguo, na kwa wiki tatu nilikuwa nimemfungulia na kumfungia kama wengine, mpaka kidole kikazoea kabla yangu. Mdomo ukasema ishirini na tatu. Aligeuka akanitazama. Matroni akaandika.

Na Mwalimu alipokosekana, niliandika maelezo yangu kwa mkono wangu kwamba nilihesabu wagonjwa ishirini na watatu. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na moja nistaafu. Kiinua mgongo changu kilikuwa mezani kwa afisa, na mpaka leo bado kiko pale pale, kinangoja sahihi.

“Ulijua?” Fundi alimuuliza mkewe.

“Nilikuwepo,” Sista akasema.

“Na hukusema ni yeye? Jirani yetu?”

“Nilikuwa nangoja aseme.” Akanitazama, na alikuwa amechoka tu, hata hasira hakuwa nayo. “Nikafikiri, ni mzee, siku kumi na moja. Nikafikiri atasema akishastaafu. Halafu nikawa nakusikia ukutani unakohoa.”

Nikamgeukia Bibi, nikasema nimekamatika, nalipa. Nikataja chai ya benchi zima kwa mwezi. Nikaongeza sukari. Nikaongeza maandazi.

“Uliapa hutaomba kupunguziwa,” akasema Bibi. “Alhamisi utavaa shati safi.”

* * *

Kamati ilikuwa ya watu watano na jagi la maji. Tulifika mapema, Sista, Fundi na mimi. Bawabu mpya alitufungulia, akafunga nyuma yetu, na nikajikuta naupapasa mkanda wangu kutafuta kitu ambacho hakikuwepo tena mahali pake. Fundi akabaki nje kwenye kiti, ufunguo wa nyumba shingoni. Kabla hatujaingia aliuvua, akautazama kama mtu aliyeukuta njiani, akampa mkewe. Mdomoni hakuwa hata na pini moja.

Matroni alikuwepo, mkoba mapajani. Nilipoitwa nilisimama nikayasema yote: mkokoteni, ishirini na mbili, kidole, kikombe cha plastiki. Niliyasema bila chumvi. Ni mara ya kwanza maishani kusimulia kitu bila chumvi, na nikagundua ni kifupi mno. Kiliisha kabla sijakaa sawa. La vidonge vya Matroni sikulisema. Halikuwa langu, na Sista alikuwa ameniomba njiani niliache.

Wakanong'onezana. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye miwani mizito, akafungua faili langu la zamani, akaweka maelezo yangu ya kwanza pembeni mwa haya ya leo, akayatazama moja moja. Akauliza kwa nini nimebadilisha. Nikasema nimekamatwa na mwanamke mmoja anayefuma. Akauliza kama kuna mtu amenishawishi. Nikasema huyo huyo. Akauliza inawezekanaje mtu amjue mwenzake miaka kumi na moja kisha amhesabu kama mgonjwa, akiwa na akili zake timamu.

Nikasema hilo ndilo swali, mheshimiwa, ila mimi si wa kwanza kumhesabu. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Matroni akatazama jagi la maji. Mjumbe mmoja akaacha kuandika. Mwenyekiti akavua miwani, akainama mbele kidogo, na sauti yake ikabadilika. Ikawa laini. Ikawa ile sauti ninayoijua, niliyoisikia ikisemwa mle ndani miaka kumi na tisa, kwa wale wasio na funguo.

“Mzee wangu,” akasema, “tangu ustaafu, unalala vizuri?”

Pembeni yangu Sista akacheka. Kicheko kidogo, kupitia puani, cha kwanza tangu lile swali la Mwalimu. Kalamu ya katibu ilikuwa imeinuka, inangoja. Nilijua jibu linalomfaa mtu anayengoja kiinua mgongo chake. Nilikuwa nalo tayari, tamu, limetengenezwa vizuri.

“Silali,” nikasema. “Andika na hilo.”